Stesheni za reli ya kati zitangazwe urithi wa taifa kabla hazijaisha

Naishi Manchester miaka mingi sasa na roho inaniuma kila nikipita Liverpool Road kwenye ile stesheni yao ya 1830. Hakuna stesheni ya mwisho wa reli ya abiria kongwe kuliko hiyo iliyobaki duniani. Abiria waliacha kuitumia tangu 1844 ikabaki ya mizigo mpaka 1975, ila jengo lipo, mlango wa daraja la kwanza kivyake na wa la pili kivyake, ukutani kuna saa ya jua, leo ni sehemu ya makumbusho.

Na msiniambie wazungu wamezaliwa wanajua kutunza. Hawahawa 1961 walianza kubomoa Euston Arch, lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston kule London, watu wakapiga kelele weee hawakusikilizwa. Ila St Pancras iliyo jirani ilipotaka kufuata njia hiyohiyo watu walishaamka, ikawekewa ulinzi wa kisheria 1967 na leo ndo unapopandia treni ya Paris.

Kwetu Tanzania reli ya kati ilianzia Dar 1905 ikafika Kigoma 1914. Sasa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, yaani reli yote iko nje mpaka waziri atangaze. Hapo ndo penyewe! SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, naipenda sana, lakini abiria wakihamia huko zile stesheni ndogo za zamani zitabaki na nani? Kuna moja nilikuwa napitia utotoni, kengele yao ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa, kikigongwa tu watu wanabeba mizigo. Likizo iliyopita nimekuta kimeng'olewa, nikaambiwa kimeenda kwa wa vyuma chakavu.

Wengine wanasema ni majengo ya mkoloni acha yafe. Jamani, waliochimba lile tuta ni babu zetu, Wanyamwezi kwa maelfu, na wengi hawana kumbukumbu nyingine yoyote zaidi ya hiyo reli. Na kutangaza jengo hakuhitaji mabilioni, ni notisi kwenye Gazeti la Serikali. Waanze na Kigoma na Tabora, treni ziendelee kusimama palepale, chumba kimoja tu kiwekwe picha, taa za mafuta na tiketi zile za kadibodi, na wazee wa reli waliobaki waitwe wasimulie wakirekodiwa.