Taurini na Kuzeeka: Maswali Mawili Yaliyochanganywa

Mwezi Juni 2023, jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Vijay Yadav, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, uliodai kwamba upungufu wa taurini, dutu ya asili iliyomo mwilini na katika vyakula vya wanyama, ni mojawapo ya mambo yanayousukuma mwili kuelekea uzeeni. Miaka miwili baadaye, Juni 2025, jarida hilohilo likachapisha kazi ya watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani, ambao walipima damu za watu, nyani na panya na kukuta kwamba, kwa sehemu kubwa, taurini haipungui umri unapoongezeka. Aliyesoma vichwa vya habari pekee atadhani kazi ya pili imeifuta ya kwanza, na muuza vidonge atasema haijagusa chochote. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, kwa sababu hoja ya mwaka 2023 ilikuwa imebeba maswali mawili ndani ya sentensi moja, kama taurini hupungua kwa umri na kama kuiongeza kunasaidia, na ni moja tu kati ya hayo lililojibiwa.

Taurini ilitambuliwa mwaka 1827 na Wajerumani Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin katika nyongo ya ng'ombe. Huhesabiwa pamoja na asidi za amino, ingawa haiingii katika ujenzi wa protini kama zile nyingine: hubaki huru ndani ya seli, na hupatikana kwa wingi katika moyo, misuli, ubongo na pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Husaidia kutengeneza chumvi za nyongo zinazosaga mafuta, hudhibiti kiasi cha maji ndani ya seli, na katika mitokondria, yaani mitambo midogo inayozalisha nishati ya seli, hushiriki katika kazi ya kusoma maagizo ya kijenetiki. Ini la binadamu huweza kuitengeneza kwa kiasi fulani, lakini paka hawana uwezo wa kutosha. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba paka anayekosa taurini huharibika macho, na mwaka 1987 ikaonekana kwamba moyo wake pia hutanuka na kudhoofika, hali ambayo mara nyingi ilirekebishika alipopewa taurini. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba dutu hii ina kazi ya maana mwilini. Ubishi unahusu nyongeza yake kwa mtu mzima mwenye afya anayekula vizuri.

Kundi la Yadav liliwapa panya wa umri wa kati, wa miezi 14, taurini ya miligramu 1,000 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Waliopewa waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao kwa takriban asilimia 10 hadi 12, na si kwamba waliburuza tu siku: mifupa, misuli, kinga na matumizi ya sukari mwilini vilikuwa bora. Minyoo midogo ya maabara nayo iliishi zaidi, ilhali chachu haikunufaika. Nyani wa aina ya rhesus wenye umri wa miaka kama 15, waliopewa taurini kwa miezi sita, walionyesha mifupa imara zaidi na uzito uliodhibitiwa, ingawa muda huo hauwezi kusema lolote kuhusu urefu wa maisha yao. Kwa upande wa binadamu hakuna aliyepewa chochote. Watafiti walichambua takwimu za watu wapatao 12,000 wa Norfolk, Uingereza, wakaona kwamba wenye taurini kidogo walielekea kuwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na unene zaidi. Pia walieleza kwamba mtu wa miaka 60 ana takriban theluthi moja ya taurini aliyonayo mtoto wa miaka mitano.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyouza makopo ya vidonge vya taurini. Inaeleweka kwa haraka: ulikuwa nacho, umekipoteza, kirudishe. Lakini kulinganisha damu ya watu tofauti wa umri tofauti kwa siku moja ni njia dhaifu ya kujua kinachompata mtu mmoja anapozeeka, kwa kuwa wazee wa leo na vijana wa leo wametofautiana katika chakula, maradhi, dawa na kazi. Watafiti wa mwaka 2025, wakiwemo Maria Emilia Fernandez, Luigi Ferrucci na Rafael de Cabo, walitumia damu za watu walewale zilizochukuliwa mara kadhaa kwa miaka mingi katika utafiti wa muda mrefu wa Baltimore, pamoja na takwimu za visiwa vya Balearic vya Hispania na za Atlanta. Taurini ilibaki palepale au ikaongezeka. Vilevile ilikuwa hivyo kwa nyani, na kati ya panya ni madume tu ambao hawakuonyesha ongezeko. Zaidi ya hayo, mara nyingi tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa kuliko tofauti iliyoletwa na umri, na uhusiano wa taurini na nguvu za misuli ulibadilika kutoka kundi moja hadi jingine. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumwambia daktari kama mgonjwa wake anazeeka haraka au polepole.

Hilo basi limejibiwa: kwa ushahidi tulionao, taurini ya damu si kipimo cha uzee. Swali la pili, kama kuongeza taurini kunamsaidia mzee, halikuguswa, na watetezi wa nyongeza wana haki ya kulikumbusha. Hakuna binadamu mwenye upungufu wa aspirini, na bado aspirini huzuia damu kuganda. Panya wa mwaka 2023 waliishi zaidi, na matokeo hayo hayafutiki kwa sababu damu ya wakazi wa Baltimore imepimwa upya.

Hata hivyo, watetezi hao hawasemi gharama ya kujitetea kwa njia hiyo. Mradi hoja ilikuwa kurudisha kilichopungua, taurini ilihesabiwa kuwa lishe, na watu hawadai ushahidi mzito kwa lishe. Upungufu ukiondolewa katika hoja, kinachobaki ni kumeza kwa wingi dutu ambayo mwili hauidai, kwa miaka mingi, ili kupata manufaa fulani. Hiyo ni dawa, na inapaswa kupimwa kama dawa: kwa majaribio ya binadamu ya muda mrefu, yenye kundi la kulinganisha, yanayohesabu mivunjiko ya mifupa, maradhi ya moyo na vifo. Majaribio ya namna hiyo hayajatoa jibu, na si ajabu, kwani taurini ni ya bei nafuu, haina hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza, ya kumfaidi yeyote, na kumfuata mzee kwa miaka kumi kunagharimu fedha nyingi.

Majaribio yaliyopo ni mafupi na yanahusu magonjwa mahususi. Mojawapo lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 120 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeanza kupanda. Waliopewa gramu 1.6 kwa siku kwa wiki 12 walishuka kwa wastani wa milimita 7 hivi za zebaki katika kipimo cha juu. Ni punguzo la maana, ila limetoka katika kundi dogo. Japani, taurini imetumika kwa miongo kadhaa katika matibabu ya moyo uliodhoofika, na mwaka 2019 iliidhinishwa huko kuzuia mashambulizi yanayofanana na kiharusi kwa wenye ugonjwa wa nadra wa mitokondria uitwao MELAS. Wagonjwa hao wana kasoro inayojulikana, ambayo taurini inairekebisha, na hali yao haimhusu mtu mzima wa miaka 55 ambaye kosa lake pekee ni kuwa na miaka 55.

Chakula kina hesabu yake tofauti, na hapa ndipo mjadala wa mtandaoni unapopotosha zaidi. Kipimo cha panya kikigeuzwa kwa binadamu hufikia gramu 3 hadi 6 kwa siku, wakati mlo wa kawaida wenye nyama na samaki hutoa miligramu 40 hadi 400. Nyama ya ng'ombe ina kama miligramu 43 kwa kila gramu 100, nyama nyeusi ya paja la bata mzinga kama 300, na kome hupita 600. Maziwa yana kidogo mno, na mimea ya nchi kavu karibu haina kabisa. Mkazi wa pwani yetu anayekula pweza, ngisi na chaza yuko juu katika orodha hiyo bila kununua kopo, na kwa kuwa taurini huyeyuka katika maji, anayekunywa supu ya pweza huipata ile ambayo mpishi mwingine angeimwaga. (Sifa nyingine ambazo supu hiyo hupewa vijiweni sizizungumzii.) Lakini hata yeye hafikii kwa urahisi gramu sita kila siku, kwa hiyo mtu hawezi kuchukua matokeo ya panya na kuyaita ushahidi wa samaki.

Ushahidi wa chakula umetoka kwingine. Mjapani Yukio Yamori, katika mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia miaka ya 1980, alikusanya mkojo wa saa 24 wa watu wa miaka 48 hadi 56 katika nchi 25, Tanzania ikiwemo, ambako wakazi wa Dar es Salaam, Handeni na Monduli walipimwa. Jamii zenye taurini nyingi katika mkojo zilikuwa na vifo vichache vya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Matokeo hayo yanavutia, lakini mla samaki hupata pia mafuta ya omega-3, madini ya joto na protini isiyo na mafuta mabaya, na haiwezekani kuitenga taurini na vyote hivyo kwa kupima mkojo.

Kuhusu usalama, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2009 haikuona tatizo katika viwango vya taurini vilivyomo kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina gramu moja, na kinachotia wasiwasi humo zaidi ni kafeini na sukari. Anayelinywa kwa ajili ya uzee mwema ana hasara kabla ya faida. Tahadhari mbili zinabaki. Figo ndizo zinazotoa taurini ya ziada, kwa hiyo mwenye figo dhaifu anaweza kuirundika mwilini, na anayemeza dawa za shinikizo aangaliwe lisishuke kupita kiasi. Tena, Mei 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Rochester ulioonyesha kwamba seli za saratani ya damu huitumia taurini inayotolewa na uboho kujipatia nishati. Haikuonyeshwa kwamba vidonge husababisha saratani hiyo, lakini mgonjwa wa aina hiyo hana sababu ya kuvimeza bila kumwuliza daktari wake.

Kama ningeulizwa leo na mtu wa makamo mwenye afya, ningemwambia abaki na samaki na asinunue kopo. Kwa asiyekula kabisa vyakula vya wanyama nisingekuwa mkali hivyo, kwa kuwa taurini katika damu yake huwa chini, ingawa haijathibitishwa kwamba hali hiyo inamdhuru. Na aliyekwisha kuanza kumeza gramu moja au mbili, akiwa na figo nzima, simtishi. Ningemtaka tu ajue kwamba anajifanyia jaribio lisilo na kundi la kulinganisha.