Eti Musherekha Si Besi

Wiki jana binti yangu, yuko Gredi ya 7, alirudi na karatasi ya mtihani wa sayansi akaificha chini ya kitabu cha Kiswahili. Alama hazikuwa mbaya, 26 kwa 30. Kilichomuumiza ni X moja nyekundu. Swali lilitaka besi mbili, yaani vitu vinavyotuliza asidi, zinazotumika nyumbani. Akaandika sabuni, akapata tiki. Akaandika musherekha, yale maji ya majivu tunayotilia mboga, akapigwa X, na pembeni mwalimu akaongeza kwa wino: hii ni chumvi ya kienyeji, si besi.

Jirani yake wa dawati aliandika bekingi poda. Tiki.

Wazazi wenzangu wanakosa usingizi kwa ajili ya karo. Mimi nimekosa usingizi kwa ajili ya majivu.

Mtoto huyu alikuwa kwa kukhu yake, yaani bibi, Kakamega likizo ya Aprili. Hakusoma kuhusu musherekha mahali, aliupika. Alikusanya maganda makavu ya maharagwe baada ya kupura, akayachoma nyuma ya jiko mpaka yakawa majivu mepesi ya kijivu. Kukhu ana sufuria kuukuu iliyotobolewa matundu chini. Majivu yakashindiliwa humo, maji yakamiminwa juu polepole, na chini yakaanza kudondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Tone, tone, tone, nusu siku nzima. Akaonja kwa ncha ya kidole akakunja uso. Akaambiwa vijiko viwili tu kwenye mrenda, ukizidisha mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Sasa niambie, mtoto aliyeambiwa hivyo na bibi yake bado hajafundishwa besi? Hiyo ladha ya sabuni ndiyo somo lenyewe.

Nitamkubalia mwalimu jambo moja, na nalikubali nikiwa nimekunja uso. Kilichomo ndani ya musherekha kwa wingi ni kaboneti ya potasiamu, na kwa kanuni ya kemia hiyo ni chumvi kweli. Sawa. Lakini ukiitia majini, kaboneti hunyang'anya maji haidrojeni, na kinachobaki ni hidroksidi, ambayo ndiyo inayofanya besi iitwe besi. Na kama ni ukali wa kanuni tunautaka, basi tuende nao mpaka mwisho: ile bekingi poda iliyopata tiki ni magadi ya kuokea yaliyochanganywa na unga wa asidi makusudi, ili vikikutana na maji vitoe gesi na keki iumuke. Yaani kitu chenye asidi ndani yake kimepita, na maji ya majivu yameanguka. Kwa nini? Kwa sababu kimoja kinauzwa supamaketi kwenye kopo na kingine kimo kwenye chupa ya plastiki dirishani kwa kukhu.

Na hiyo sabuni iliyopata tiki, watu walikuwa wakiichemsha kwa mafuta na maji ya majivu kabla ya kiwanda chochote. Mjukuu amepita, bibi kaanguka.

Lakini lililonikera zaidi ni la zamani. Nilipokuwa fomu wani nilimuuliza mwalimu wetu, potasiamu inaanza na P, kwa nini alama yake ni K? Akasema, "Kariri." Tukakariri. Tulikariri jedwali, tukakariri asidi na besi hutoa chumvi na maji, tukaiimba kama wimbo wa mchakamchaka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili ndipo nikajua kwamba K ni ya kalium, na kalium imetoka kwenye neno la Kiarabu al-qali, lenye maana ya majivu ya mimea. Neno alkali, yaani besi inayoyeyuka majini, limezaliwa hapo hapo. Hata hilo jina potasiamu: Wazungu walikuwa wakichemsha maji ya majivu kwenye vyungu wakaita kilichobaki majivu ya chungu (kwa Kiingereza pot ash, ndiyo potashi), na mwanakemia Humphry Davy alipoipata metali yenyewe mwaka 1807, kwa kupitisha umeme ndani ya potashi iliyoyeyushwa, akaipa jina la chungu hicho. (Neno letu kali halina undugu na hilo la Kiarabu, msiniandikie. Ingawa ukiramba musherekha utatamani liwe nao.)

Kwa hiyo mtoto ameulizwa alkali, akajibu majivu ya mimea, akakosa. Haya.

Jumamosi tulifanya kesi mezani. Nilimimina musherekha kidogo kwenye kisosi, binti akanyunyiza manjano, ile bizari ya njano. Ikageuka papo hapo ikawa nyekundu ya tofali. Mnaijua rangi hiyo: ni ile ya doa la mchuzi kwenye shati jeupe unapolipaka sabuni ukidhani unaliondoa. Kisha tukakamua ndimu juu yake. Povu likapanda, nyekundu ikarudi njano. Mke wangu, ambaye ni wa Kisumu na hana subira na mrenda wetu, alisema kwani hilo ni jipya, yeye hukamulia omena ndimu kila wiki kuua shombo. Naam, shombo la samaki nalo ni besi, na ndimu huigeuza chumvi isiyopaa puani. Maabara mbili katika nyumba moja ya kupanga, na hakuna hata moja inayotambuliwa na mwongozo wa kusahihisha.

Najua mwalimu ana darasa limefurika na anasahihisha usiku kwa tochi ya simu. Simtukani. Lakini tuliambiwa Mtaala wa Umilisi utamtoa mtoto kwenye kukariri, ajifunze kutokana na mazingira yake. Mazingira gani, kama si haya? Ziwa Nakuru lote ni besi, pH yake karibu 10, na 7 ndiyo katikati, si asidi wala besi. Mashamba ya huku magharibi yamechachuka kwa miaka ya mbolea ya DAP na mvua, wakulima wananunua chokaa ya Koru kuyatuliza, na watoto wao wanafundishwa kwamba besi ni kitu cha kwenye kopo.

Kuna mmoja ataniambia magadi na musherekha vinaua vitamini kwenye mboga. Ni kweli, ukizidisha. Kukhu alisema vijiko viwili.

Jumapili nilimwandikia mwalimu barua ya heshima, ukurasa mmoja, nikaifunga pamoja na chupa ndogo ya musherekha na bizari ya manjano kidogo kwenye karatasi. Binti amekataa kuibeba. "Baba, tafadhali. Mwalimu ataniita mbele." Anasema alama moja si kitu, na kwamba mtihani ujao ataandika bekingi poda.

Barua iko juu ya friji. Chupa imepungua, tumepikia mrenda.