Wa miaka mitatu anaelewa nini?

Mchangiaji mmoja anatetea viboko kwa watoto, anasema "samaki mkunje angali mbichi", eti wao walichapwa ndiyo maana walinyooka. Sawa kaka, ila makala tunayoijadili inazungumzia kuchapa watoto chini ya miaka mitano. Mwanangu wa miaka mitatu alichapwa chekechea moja huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa kujikojolea. Fimbo ya mpera, vidole vimevimba. Akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloacha zamani, na asubuhi akisikia honi ya bajaji ya shule ananing'inia kwenye kanga yangu. Adabu hiyo? Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, haihalalishi adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi anaadhibiwa kwa nini. Nilipomuuliza mwalimu, akanijibu, "Mama, mbona tumempiga kidogo tu."