Mtumbwi Umepanda Mlima

Mwenzenu nafanya biashara ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na anayejua dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka sisi hatuna kazi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa zima lina taa ya bure, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu na kudaiana. Siku kumi hivi. Kwa mwanamume mwingine hizo ni siku kumi za kulala. Kwa mwanamume ambaye mkewe ana simu janja, ni siku kumi za kutumwa.

"Baba watoto," akaniita. Tuna mtoto mmoja. Nikisikia "watoto" najua kuna gharama iko njiani.

Akanionyesha picha. Chumba cha mtoto, sijui nchi gani, kimepakwa rangi ya maziwa, kitanda kidogo cha mbao, rafu yenye vitabu vitatu na sungura wa kitambaa, pazia jepesi linapepea. Mama wa huko ameandika kwamba vyote katengeneza kwa mikono yake au kaokota vya mtumba, hakutoa hela ya maana. "Umeona? Hajatoa hela!" Mimi nikaitazama ile picha mpaka macho yakauma. Hakuna ndoo. Hakuna gunia. Hakuna begi la shangazi juu ya kabati. Chumba gani cha binadamu hakina gunia?

Lakini nilikubali, tena haraka, na hilo ndilo kosa lenyewe. Mtoto wetu ana mwaka mmoja na miezi tisa, na tangu azaliwe analala katikati yetu. Halali kama watu, analala kama mshale wa saa. Saa nne usiku kanyooka. Saa sita kichwa kiko kwa mama, miguu iko kwenye mbavu zangu. Saa tisa kisigino kiko puani. Kwa hiyo aliposema chumba cha mtoto, mimi nilisikia mbavu.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo, na ndani ya stoo kuna jiwe. Asiye wa Mwanza atashangaa. Wa Mwanza ataniuliza, moja tu? Huku juu mlimani nyumba zimeingia katikati ya mawe, maana mawe ndiyo yaliyotangulia. Mwenye nyumba aliwahi kulichoma hili kwa magogo siku tatu, kama wapasua kokoto wanavyofanya, jiwe likabanduka kigamba kimoja kama mba. Akachoka, akapandisha ukuta juu yake. Basi kona nzima ya chumba ni jiwe, kimo chake kiunoni, na halichangii kodi. Lile la Bismarck pale ziwani watalii wanalipiga picha. Hili langu kazi yake ni kuning'oa kucha nikiingia kutafuta jembe.

Tukaanza na kitanda. Kuna jamaa anafungua makontena ya vitu vya nje, nikamkuta na kitanda cha mtoto, kizuri jamani, cheupe, kina fito pande zote, na upande mmoja unateremka kwenda chini ukibonyeza, mama asiumie mgongo akimtoa mtoto. Elfu sabini. Nilikipandisha mlimani kichwani, watu wananipongeza njiani wakidhani nimepata mapacha.

Kumbe jirani yetu ni nesi. Alikuja kuangalia tu, akakunja uso, akaomba kopo tupu la soda. Nikadhani ana kiu. Akalipitisha kopo katikati ya fito, likapita bila hodi.

"Shemeji, hapa pasizidi sentimita 6. Kopo likipita, na mwili wa mtoto unapita. Kichwa kinabaki."

Nikameza mate. Akaushika ule upande wa kuteremka, akautikisa, ukalia kaka-kaka kama meno ya bandia. "Na hivi vya kushuka upande, Marekani walipiga marufuku kuviuza tangu 2011. Vyuma vinalegea, upande unaachia, mtoto ananaswa pale."

Nikakaa juu ya jiwe. 2011! Yaani kitanda kimefukuzwa kwao, kikapanda meli, kikashuka bandarini, kikapanda lori, kikavuka mikoa yote ile kikinitafuta mimi, na mimi nikakibeba kichwani! Nilimrudia muuzaji, akaniambia mtumba haurudishwi, ungeujaribu kabla. Ningeujaribuje, nilale mle?

Sasa hivi kiko uani, ni kichanja cha vyombo. Nakiri ni kichanja kizuri kuliko vyote mtaani, sahani zinakaa wima kwenye fito, na ule upande unateremka mama watoto asiumie mgongo akitoa sufuria. Majirani wameshaniuliza nilikipata wapi.

Hapo ningeenda kwa seremala, mambo yakaisha. Seremala alishanitajia bei: laki na elfu sitini, na droo mbili chini. Lakini mke wangu alikuwa bado na ile picha, na mimi nina ubahili wangu, tukakutana katikati. Nikakumbuka pale Mwaloni kuna mzee ana mtumbwi uliostaafu, umelala chali mchangani, kuku wanatagia ndani. "Nipe elfu kumi na tano, beba," akasema. Mbao nene, ndefu, zimekula maji miaka. Nikajiona nina akili. Mkokoteni ukanifikisha chini ya mlima kwa elfu tano, ukagoma hapo hapo. Vijana wawili wakapandisha mbao kwa elfu sita, huku wazee wa kijiweni wakiniuliza kama nimepata habari za gharika.

Nikaanza kuzipiga msasa ndani ya kile chumba, maana nje jua kali. Rangi ya zamani ikatoka vumbi la buluu, mimi nimekuwa buluu mpaka kope. Nesi akapita. Huyu dada simchukii, lakini siku hizi nikimwona natamani kujificha nyuma ya jiwe.

"Shemeji! Rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi. Vumbi lake likimwingia mtoto linamharibu ubongo, na huyu wa kwako si ndiye analamba kila kitu?"

Ni kweli analamba. Amelamba ukuta, ndala, kitabu cha kliniki. Basi mbao zikatolewa nje, mbali na watoto, chumba kikadekiwa kwa maji mara tatu, na fundi akaitwa azipige randa zote mpaka rangi iishe. Elfu thelathini. Nusu saa tu, randa ikauma msumari. Mtumbwi una misumari mahali ambapo hata aliyeutengeneza ameshasahau. Fundi akautazama ule uso wa randa kama mtu anayetazama maiti ya ndugu. Elfu kumi ya kunoa. Halafu akaniambia mbao hizi akizikata fupi zitapasuka, tuziache futi sita, mtoto atakua. Nikasema sawa, atakua. Kumbukeni hizo futi sita, nitazirudia.

Kitanda kikasimama. Chaga zimenyooka, kingo ziko chini, pembe zimelainishwa, hata nesi hakuwa na neno. Tatizo likawa harufu. Mbao ikishabeba furu na dagaa miaka kumi, hairudi kuwa mbao tu. Mimi sikuisikia, pua yangu iliacha kazi zamani. Paka ndio waliosikia. Jioni ya kwanza walikuja wawili. Ya pili, saba. Walikaa dirishani kwa mstari, kimya, kama wanasubiri kuitwa majina. Tukasugua kwa ndimu, kwa sabuni, kwa magadi. Wakaongezeka.

Mke wangu yeye siku hizo yuko soko la mitumba la Mlango Mmoja anasaula, yaani anachagua vizuri kabla ya wengine. Belo likikatwa yeye ni wa kwanza kuinama. Akarudi na mapazia mawili kwa buku tatu tatu, moja lina vipepeo, jingine lina maandishi ya kigeni ambayo hatujui yanasema nini. Mimi nahisi ni mali ya hospitali. Hapo sina neno, pazia la buku tatu halina mjadala. Godoro elfu arobaini. Galoni ya rangi ya maji elfu ishirini na nane, brashi na msasa elfu saba.

Na jiwe? "Mchore tembo," akasema mama watoto. Mimi mara ya mwisho kuchora nilikuwa darasa la pili, nikachapwa. Lakini jiwe tayari lina mgongo, nikampa masikio, jicho moja, na mkonga uliokwenda kushoto kwa sababu kulia kuna soketi. Nikamleta mtoto amwone. Akamtazama tembo muda mrefu, akanyoosha kidole.

"Nyau."

Ni wale paka. Wamemharibia mtoto elimu.

Taa nilibuni mwenyewe, hilo msimlaumu mke wangu. Nilikuwa na karabai kuukuu, kutoka enzi wavuvi hawajahamia taa za betri. Nikalitoa matumbo, nikatia balbu, nikalitundika katikati ya dari. Lilipendeza! Mbalamwezi ilipokwisha, giza likarudi, nikawasha tulione vizuri. Sasa mtu wa dagaa, anayekula kwa sababu viumbe hufuata taa, alitegemea nini? Wadudu wa ziwani walipanda mlima kama moshi. Hawaumi, maskini, lakini wanaingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye sala. Asubuhi tulifagia beleshi mbili. Mkonga wa tembo ulikuwa umeota manyoya, kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka. Jiwe letu likipata unyevu linatoa jasho, na rangi juu ya jasho haikauki mpaka itake yenyewe.

Tukatundika chandarua cha kliniki, tukaona sasa kimekamilika: mtumbwi, taa ya dagaa, na wavu wake. Kilichobaki ni leseni ya uvuvi. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la madeni: laki mbili na elfu kumi na saba. Elfu hamsini na saba zaidi ya seremala, na droo sina.

Lakini usiku ule nililala na mbavu zangu. Usiku mmoja. Nawaambia ili mjue kwamba raha hiyo ipo duniani, nimeiona.

Mama mkwe wangu anakaa Sengerema. Zamani kuja kwake kulikuwa safari yenye maandalizi: afike Busisi, asubiri kivuko, foleni, avuke Kigongo, atafute gari la mjini, afike amechoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili tulipewa taarifa wiki nzima kabla. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, hizo kilomita 3 za maji gari linazipita dakika chache, hata hujamaliza kumenya chungwa. Mimi ni wa kwanza kulisifia hilo daraja, mzigo wangu unapita pale. Sikufikiria tu kwamba na yeye atapita.

"Nimesikia mjukuu wangu amejengewa chumba," akasema mlangoni. Kuku wawili mkononi, kijana nyuma yake na gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. "Nimekuja kukiona. Siku mbili."

Akakiona. Akakaa kwenye kitanda, akajinyoosha kidogo kupima. Futi sita! Miguu ikaenea na nafasi ikabaki. "Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya kweli kabisa, "mgongo wangu haujawahi kupata kitanda kama hiki. Na hii harufu, kama niko kwa baba yangu kule ziwani." Gunia likawekwa chini ya tembo. Begi likapanda juu ya rafu. Ndoo ikaja yenyewe.

Hii ni wiki ya tatu. Mtoto amerudi kitandani kwetu, mshale wa saa unafanya kazi. Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, chumba anacholala mama mkwe siingii. Hata kama kila msumari nimeupiga mimi. Kuta nazisikia kwa nje tu: chaga inalia, najua ni ya tatu kutoka kichwani, nyundo iko ndani, na mimi niko nje na paka tisa.

Jana giza limeshakolea, wavuvi wametoka, saa kumi alfajiri natakiwa Mwaloni kukusanya madeni ya mwezi. Daftari liko wapi? Kwenye rafu. Mke wangu kalala kama jiwe lenyewe, na akiamshwa kwa jambo la mama yake linazaliwa jingine. Nikakohoa mlangoni. Nikakohoa tena.

"Mkwe, unaumwa? Kula mchembe, unatuliza kifua."

Nikamwamsha mtoto. Nikamchuchumalia, nikamnong'oneza: daftari, jekundu, kwenye rafu, chini ya begi la bibi, lete kwa baba. Akaitikia kwa kichwa, mtoto mwelewa, akasukuma mlango akaingia. Nikasikia bibi anacheka, gunia linafunguliwa. Akatoka na michembe miwili, mmoja ameshaulamba, akanipa.

Nikaenda Mwaloni bila daftari, nikawapitia wadaiwa wangu mmoja mmoja kwa kichwa. Wote walinikaribisha vizuri sana, na wote walikumbuka kwamba wameshalipa.