Trekta Nayo Ina Haki Zake

Dalali kapiga simu sasa hivi, chai hata sijaimaliza. Ana nyumba nyingine. "Bwana, hii ni yako kabisa, ila ina kitu kidogo." Nikakata. Vitu vidogo vya madalali wa Creuse, huku mashambani Ufaransa, nimeshavijua. Kimoja kilikuwa paa. Kingine kilikuwa ukuta wa nyuma, ambao haukuwepo.

Si mnajua wenyewe Ufaransa ya mashambani ikifika Aprili. Jua limechungulia, maua yamechanua, na kila mwenye gofu analipiga picha. Pichani ua la njano mbele, nyumba kwa mbali. Ukifika, ua lipo. Na anwani dalali hakupi ng'o, anaogopa utamruka umfuate mwenye mali. Mnakutana kwenye uwanja wa kanisa, mnaongozana vichochoro kimyakimya utafikiri mnakwenda kuficha maiti.

Ya Jumamosi ndiyo imenimaliza. Nyumba ya mawe, boriti nje nje, jiko la kuni, kisima, na bei ninayoiweza, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Cheti cha nishati, kinachosema nyumba inakula moto kiasi gani: G. Herufi zinaanzia A, na baada ya G hakuna pa kwenda. "Inataka kuchangamshwa kidogo," dalali akasema, kasimama mbele ya ukungu wa ukutani nisiuone. Mama Zuhura alishaingia bustanini, anapima kwa macho pa kupanda mchicha. Nikajua nimekwisha.

Nikafunga mikono nyuma kama mwenye fedha zake, nikakohoa, nikauliza habari za shimo la choo. Hapo mtu anaonekana anajua mambo: sheria inataka ripoti ya ukaguzi isiyozidi miaka 3. Dalali akazama kwenye mkoba. Mkoba wenyewe mdogo, lakini alitafuta sana.

Ndipo tukasikia trekta. Si barabarani, uani! Ikapita kati ya mlango wa jikoni na kisima, sisi watatu tumebanana ukutani, ikasimama. Akashuka mzee wa kofia. Shikamoo ilishafika kwenye ulimi, nikaimeza, nikasema bonjour.

"Mnanunua?"

"Tunaangalia tu, mzee."

"Mimi napita hapa." Akaonyesha kutoka zizini kwake mpaka malishoni kwake, na katikati nikiwa nimesimama mimi. "Asubuhi na jioni. Imeandikwa."

Nikamtazama dalali. Dalali akatazama maua.

"Haki ya njia," akanong'ona. "Imo kwenye hati."

"Na ng'ombe je?" nikauliza, natania.

"Ng'ombe wanatangulia," mzee akasema.

"Asubuhi ya saa ngapi?"

"Kumi na moja. Jumapili mapema zaidi, kwa sababu ya misa."

Akaanza yeye kunihoji. Nafanya kazi gani? Nafuga mbwa? Nitaweka uzio? Akanikagua viatu. Nikasahau kabisa nani ananunua nini. Kisha, bila kuulizwa, akatueleza kwamba nyumba ni ya ndugu wanne, ya urithi, na kitindamimba hajaweka sahihi. Hasemi na wenzake tangu mazishi. Mambo ya nyumbani kabisa hayo, nilikaribia kulia. Nikamuuliza na habari za shimo.

"Shimo gani?" akasema. "Maji yanateremka kule." Kule ni palepale alipokuwa amesimama mama Zuhura.

Dalali akafunga mkoba.

Na usidhani utashtaki mtu. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilimruhusu jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron aendelee kuwika, na tangu Januari 2021 kuna sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa urithi wa taifa. Kinyesi, urithi! Halafu juu ya bei nimpelekee notari, yule mwanasheria wa hati, asilimia 7 au 8 nyingine, ambayo kubwa yake wala si yake, ni kodi, ili niamke saa kumi na moja nimsubiri ng'ombe apite ndipo nichote maji kwenye kisima changu mwenyewe! Jamani, miaka yote hii ghorofa ya nne Limoges, lifti mbovu, juu yangu mtoto anajifunza tarumbeta, sitaki kasri! Nataka mlango nikiufunga uwe umefungwa!

Na nyumba nyingine ni hizohizo. Ile ya karibu na kanisa la kale, kupaka madirisha rangi lazima msanifu wa serikali aridhie. Nyingine ilikuwa ya kumlipa bibi kila mwezi mpaka afe, ndipo uhamie. Bibi akanipa mkono, akanibana vidole vikalia. Nikamkumbuka yule notari aliyeanza kumlipa Jeanne Calment wa Arles mwaka 1965 kwa mpango huohuo. Notari akafa 1995. Bibi akaendelea mpaka 1997, ana miaka 122.

Mama Zuhura anaitaka ile ya trekta. Mzee alimpa miche ya nyanya, akamwapiza asiitoe nje kabla ya watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 13 Mei, maana baridi hurudi kuua. Kwa hiyo miche iko bafuni, imejaza beseni la kuogea, na haitakiwi kuguswa. Mimi naoga kazini. Mlinzi kashaanza kuniuliza ndoa inaendeleaje.