Sumu, sawa. Inafanya nini?

Ukitaka kumtisha mgonjwa wa saratani akimbie hospitali, mwambie tibakemikali ni sumu inayoua kila inachokigusa, kisha nyamaza. Nimeyasikia maelezo ya namna hiyo mara nyingi mno, na muuza mizizi hufurahi akiyasikia. Mimi sibishi kwamba ni sumu. Ninachopinga ni kuishia hapo.

Chukua sisplatini, ambayo wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi huwekewa kwa dripu wakiwa kwenye mionzi. Molekuli yake ni ndogo: atomu moja ya platini, klorini mbili, amonia mbili. Kwenye damu, penye kloridi nyingi, imetulia. Ikiingia ndani ya seli, ambako kloridi ni kidogo, klorini zake zinabanduka, maji yanashika nafasi zao kwa muda, na platini inaanza kutafuta pa kung'ang'ania. Inapopapenda zaidi ni guanini, mojawapo ya besi nne, yaani herufi za kemikali zinazoandika DNA, maagizo ya urithi ya seli.

DNA ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa, na seli haiwezi kugawanyika bila kuzisokotoa na kunakili kila uzi. Sasa pitisha sindano katikati ya kamba, ufunge fundo. Hiyo ndiyo kazi ya siklofosfamidi, dawa iliyotumika Kampala miaka ya 1960 kutibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya, na mara nyingi uvimbe ukanywea haraka. Sisplatini nayo hufunga uzi na uzi, lakini mara chache. Ikifanya hivyo, besi mbili za aina nyingine, saitosini, husukumwa nje ya mahali pake na msokoto hulegea vibaya. Mara nyingi zaidi hushika guanini mbili jirani kwenye uzi uleule, na DNA inapinda, digrii 30 na zaidi. Mitomisini, dawa nyingine ya saratani, ni kinyume chake: inafunga nyuzi zote mbili, lakini umbo karibu halibadiliki.

Kwa sisplatini, mimi nasema kule kupinda ndiko dawa yenyewe. Ipo molekuli nyingine, transplatini, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ila klorini zake zimekaa pande zinazokabiliana. Haiwezi kufunga guanini mbili jirani, na saratani haitibu. Ingekuwa suala ni sumu ya madini tu, zote mbili zingefaa.

Hata jinsi sisplatini ilivyogunduliwa inaonyesha hivyo. Barnett Rosenberg, huko Michigan, alikuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria, na mwaka 1965 akatangaza kwamba michanganyiko ya platini iliyotoka kwenye elektrodi zake, yaani vipande vya kupitishia umeme, ilikuwa imewazuia kugawanyika. Hawakufa palepale. Waliendelea kurefuka tu kama nyuzi. Marekani iliidhinisha sisplatini mwaka 1978, na saratani ya korodani, hata iliyosambaa, ikawa ugonjwa ambao wengi wanapona.

Seli yenyewe haikai kimya. Hujaribu kukata kipande kilichofungwa na kukijaza upya, na ikishindwa, mara nyingi hujiua. Ndiyo maana saratani za ovari zenye kasoro kwenye jeni za BRCA, jeni za ukarabati, huelekea kuitikia dawa za platini vizuri zaidi. Seli zisizo na saratani nazo huumia, hilo nisilifiche: uboho, figo, masikio.

Na huyu muuza mizizi anayetuambia mmea hauna kemikali? Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi juani, ngozi inaweza kubabuka. Ndani yake mna kemikali ziitwazo psoraleni, ambazo zikipigwa na miale ya jua hushona nyuzi mbili za DNA, besi ya timini kwa timini. Madaktari wa ngozi hutumia mbinu hiyohiyo kwa kipimo kutibu mbalanga. Mti shambani, dawa kwenye chupa, DNA haijui tofauti.

Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza ningependa mgonjwa asikie maneno kama haya: "Mama, dawa hii inaipinda DNA ya uvimbe ili usiweze kuzaliana. Inatoka mwilini kupitia figo, ndiyo maana tunakupa maji mengi kwanza. Masikio yakianza kuvuma, tuambie siku hiyohiyo." Hazifiki dakika mbili.