Tuzo ya Kiongozi Bora Chuoni: Anayeitoa Anaona Nini?

Transkripti ya chuo kikuu cha Tanzania inaonyesha msimbo wa kozi, yuniti zake, alama na GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zote. Aliyefikisha 4.4 ana daraja la kwanza, mwenye 3.5 hadi 4.3 ana daraja la pili la juu, na habari imeishia hapo. Aliyekuwa CR, yaani kiongozi wa darasa, wa watu 400 kwa miaka mitatu hana mstari wake humo. Mtunza hazina wa klabu aliyekabidhi daftari la hesabu bila upungufu wa shilingi naye hana. Ndiyo maana madai yaleyale hurudi kila mwaka: vyuo viwe na tuzo ya uongozi na huduma, yenye uzito sawa na zile za taaluma zinazotolewa wakati wa mahafali.

Anayeyapinga madai hayo mara nyingi hajui kazi yenyewe ilivyo. CR hudhaniwa kuwa tarishi tu. Lakini mhadhiri akihamisha kipindi asubuhi ileile, ni CR anayekimbilia ofisi ya ratiba kutafuta ukumbi, kisha anaandika kwenye kundi la WhatsApp, kisha anajibu maswali ya watu ambao hawakusoma alichoandika. Anagawa makundi ya semina, anazungusha karatasi ya mahudhurio, anakusanya kazi na kuhesabu nakala kabla hazijafika kwa mhadhiri. Uzito wenyewe huja alama za muhula zinapobandikwa. Kuna majina hayapo. Kuna mtu alifanya jaribio lakini anaonekana hakufanya. Pale alama 40 zinapotoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, jaribio moja lililopotea linatosha kumwingiza mtu kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. CR anaorodhesha majina na namba za usajili, anapanda idarani, anaambiwa mhadhiri yuko safarini, anarudi kesho yake. Akichelewa hadi matokeo yamepita vikao vya kitivo na kufika Seneti, karatasi yake haifai tena. Kila mmoja ataandika rufaa ya peke yake.

Waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi ana mzigo wa aina hiyohiyo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000. Jina la mwanafunzi likikosekana kwenye orodha ya bumu, yaani posho hiyo, hizo ndizo fedha anazozikosa, huku kodi ya chumba ikimngoja. Anayefuatilia majina hayo mpaka yatoke anafanya kazi ya ofisi ambayo hailipwi.

Kwa hiyo huduma ipo. Ugumu unaanza chuo kinaposhika kalamu kuandika nani anastahili, kwa sababu kiongozi wa wanafunzi, kwa asili ya kazi yake, hukorofishana na hao hao watakaomtunuku.

Historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inalionyesha hilo waziwazi. Julai 1971 rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi ya wakati ule, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuhusu namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Aliondolewa chuoni kwa nguvu akarudishwa kwao, na wanafunzi wakagoma. Kama mwaka ule ungekuwa na tuzo ya kiongozi bora iliyopitishwa na utawala, hakuna haja ya kuuliza kama jina lake lingefika hata kwenye orodha ya kwanza. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na vigogo wa serikali. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikafutwa, mahali pake ikawekwa MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyolelewa na chama tawala. DARUSO, jumuiya iliyofuata, ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ila historia hiyohiyo haimpi kila mgomaji utakatifu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa kwa lazima, ambayo yangekata sehemu kubwa ya mishahara yao, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Watu wengi wa wakati ule waliwaona kama vijana waliosomeshwa na wakulima na sasa hawataki kuchangia. Maandamano mawili, adhabu inayofanana, sababu mbili tofauti kabisa. Ukiisoma orodha ya waliofukuzwa huwezi kujua nani alijitetea mwenyewe na nani aliwatetea wengine. Basi hata sharti linaloonekana la kawaida sana kwenye fomu za tuzo, "mwombaji asiwe amewahi kupewa adhabu ya nidhamu", lina hila ndani yake, iwe iliwekwa kwa makusudi au la. Afadhali fomu itaje makosa yenyewe: wizi wa fedha za wanafunzi, udanganyifu wa mitihani, ukatili, unyanyasaji wa kijinsia. Kuongoza mgomo kusiwe humo. Mgomo ujadiliwe na kamati kama tendo la uongozi, zuri au baya.

Wanaoiogopa kamati ya utawala husema: basi wanafunzi wapige kura. Hili nalo lina matatizo yake, tena ya kawaida kabisa. Kiungo cha kura kinazungushwa kwenye makundi ya simu. Anayeshinda ni mwenye darasa kubwa. Kitivo chenye watu 400 kwa mwaka hakishindani na programu ya watu 25, hata kama huko kwenye 25 ndiko kulikofanyika kazi. Kura isipofungwa kwa namba ya usajili, simu moja hupiga kumi. Ikifungwa, watu huanza kuombana namba za usajili. Kuna na zile tuzo za waandaaji wa nje, ambazo huwatoza walioteuliwa ada ya kushiriki, kuuza meza za ukumbini na kuhesabu kura zilizolipiwa kwa simu. Hiyo ni biashara, na haina ubaya ikiitwa hivyo. Chuo kinachoruhusu nembo yake iwekwe kwenye kinyago cha tuzo cha namna hiyo kinajishushia hadhi bure.

Swali la GPA, yaani kama mwombaji adaiwe kiwango fulani cha alama, nalo lina pande mbili halisi. Nchini Marekani, Omicron Delta Kappa, chama cha heshima cha uongozi kilichoanzishwa mwaka 1914 katika chuo cha Washington and Lee huko Virginia, huwachukua wanafunzi walio ndani ya asilimia 35 ya juu kimasomo. Mantiki yake inaeleweka: mwanafunzi kazi yake ya kwanza ni kusoma, na chuo kikimtunuku aliyeacha vitabu kwa ajili ya vikao, wadogo zake watajifunza hilo. Lakini chukua yule waziri wa mikopo. Wiki anazokimbizana na orodha za majina ndizo wiki za majaribio. GPA yake ikishuka kutoka 3.8 hadi 3.3, sharti la GPA ya 3.5 linamwondoa kwa sababu ileile iliyofaa kumwingiza. Linabaki na nani? Mara nyingi na mtu aliyeshika vyeo vitatu vya jina. Sharti la busara zaidi ni mwombaji awe amefaulu kuendelea na masomo, na GPA isiyopungua 2.7, pale linapoanzia daraja la pili la chini. Zaidi ya hapo alama zina tuzo zake tayari.

Lipo pia suala la muda, ambalo halizungumzwi sana. Anayeishi hosteli ya ndani anaweza kukaa kwenye kikao mpaka saa nne usiku. Aliyepanga mbali na kubadilisha daladala mara mbili anatoka saa kumi na moja jioni, la sivyo hafiki. Anayechoma chipsi au kuuza mitumba ili ajisomeshe hana jioni kabisa. Tuzo inayohesabu vikao na vyeo inawatunuku wenye nafasi. Uingereza walikutana na hili kwenye HEAR, taarifa ndefu ya mafanikio ya mwanafunzi iliyopendekezwa mwaka 2007 na kusambazwa vyuoni kuanzia 2012. Sehemu yake ya 6.1 inaandika huduma na uongozi nje ya darasa, ila yale tu ambayo chuo chenyewe kimeyathibitisha. Faida yake ni kwamba mtu hawezi kujipachika cheo. Hasara ni kwamba anayefanya kazi dukani usiku, au anayelea wadogo zake, anaonekana kama hakufanya lolote.

Hata hivyo, katika yote yaliyojaribiwa, njia hiyo ya kumbukumbu iliyothibitishwa ndiyo yenye manufaa zaidi kwa vyuo vyetu kuliko kinyago cha jukwaani. Kinyago hupewa mmoja, na aghalabu rais wa serikali ya wanafunzi, ambaye pengine tayari alikuwa na posho ya vikao na jina linalojulikana. Kumbukumbu inaweza kupewa watu 200 bila kupoteza thamani, mradi kila mstari wake ni wa kweli. Na ina matumizi. Baadhi ya ufadhili wa masomo hudai uzoefu wa kazi, na kazi za kujitolea huweza kuhesabiwa. Mtu aliyefanya saa 10 kwa wiki, wiki 15 za kila muhula, kwa miaka mitatu, ana saa 900. Huenda zisitoshe peke yake, na bila karatasi yenye muhuri ni maneno matupu. Kwa ajira za serikali tusidanganyane: usaili wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira hauna alama za cheti cha uongozi. Kinaweza kumsaidia mtu kwenye usaili wa mdomo, akiulizwa aliwahi kutatua nini, kama ana cha kueleza.

Cha kueleza ndicho kinachokosekana kwenye fomu nyingi za mapendekezo. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Amekuwa kiongozi bora, mwenye kujituma na kushirikiana na wenzake." Ya pili: "Wiki ya 9 aligundua majina 14 hayapo kwenye alama za jaribio la pili, alikusanya nakala za karatasi zao, akazifikisha idarani siku mbili baadaye, na 13 yakarekebishwa kabla ya kikao cha kitivo." Ya kwanza inamfaa mtu yeyote, hata ambaye hakufanya kitu. Ya pili mtu anaweza kwenda idarani akauliza. Fomu iruhusu maneno yasiyozidi 300, idai matendo mawili au matatu, na kila tendo liwe na ushahidi wake: muhtasari wa kikao, hesabu zilizokaguliwa, karatasi ya mahudhurio, au jina la mtu aliyehudumiwa na aliyekubali kuulizwa. Kwa aliyeshika fedha, hati ya makabidhiano iwe ya lazima. Hapo wengi hukwama, kwa sababu viongozi wengi huondoka bila kukabidhi chochote zaidi ya neno la siri la barua pepe.

Kamati ya watu saba inatosha. Watatu wawe wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasio na cheo, waliochukuliwa kwa kura ya bahati kutoka vitivo tofauti, wawili wahadhiri, mmoja mtumishi wa hosteli au maktaba, ambaye huona mambo yasiyofika ofisini, mmoja kutoka ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, awe katibu asiyepiga kura. Kura zikiwa sita zinaweza kufungana, na zikifungana wote wawili waandikwe. Mapendekezo yafungwe wiki ya 11 ya muhula wa pili. Yakisogezwa hadi wiki za mitihani, wanaojaza fomu ni wapambe tu, na hakuna wa kuzihakiki. Mtu asijipendekeze mwenyewe, ila aruhusiwe kusoma kilichoandikwa juu yake na kukisahihisha.

Jambo moja kamati ilikague kabla ya kutia sahihi: nani aliandika mihtasari. Katika klabu nyingi mwenyekiti ni mvulana na katibu ni msichana, na barua, ratiba, orodha na ripoti zote zina mwandiko wa katibu. Kumbukumbu ikifuata cheo, mwenyekiti ndiye atakayeandikiwa saa hizo zote.

Alama za ziada kwenye kozi zisitolewe kabisa, wala fedha taslimu kwa CR. Posho ikiingia, nafasi hiyo itagombewa na wanaoitaka posho, na darasa litapigiwa kampeni wiki ya kwanza kabla watu hawajajuana. Kinachoweza kulipwa bila kuharibu kitu ni gharama zenyewe: bando la intaneti, nauli ya kufuatilia majina, kuchapa karatasi. Leo gharama hizo hutoka mfukoni mwa CR, kwenye hiyo 10,000 yake ya siku. Chuo kisichoweza kumrudishia, hata kwa risiti, hakina haraka ya kununua vinyago.